Kupima mawe ya Nakuru darasani: mwongozo wa somo la miamba kwa sekondari

Mwanafunzi wa Nakuru hulala ndani ya kuta zilizochongwa kutoka kwa majivu ya volkano na hucheza kandanda juu ya vumbi lake, lakini akipewa jiwe mkononi aseme ni la aina gani, hubahatisha. Anaweza kukariri kwamba kuna miamba moto, miamba tabaka na miamba geu. Asichojua ni dalili zipi zinazotenganisha moja na nyingine. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Jiografia, au mlezi wa chama cha Jiografia, anayetaka darasa la watu hamsini lipime mawe kwa mikono yake. Vifaa vingi viko tayari kwenye maabara ya fizikia, na vingine viko kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tenga vipindi vinne vya dakika 40, viwili kati yake vifuatane, na siku moja ya kupanda Menengai, mlima wa volkano ulio kando ya mji wa Nakuru.

Kanuni moja inatawala kila hatua: jina la jiwe halitajwi hadi vipimo viishe. Likitajwa mapema, wanafunzi huona kile tu ambacho jina limewaambia wakione.

Kukusanya mawe

Aina nane zinatosha, kila moja vipande vitano au zaidi vyenye ukubwa wa ngumi, ili makundi kumi ya watu watano yabadilishane bila kungojeana.

Tano zinapatikana ndani ya kaunti. Kokoto za mjengo huwa ni lava ngumu, ya kijivu au nyeusi. Kipande cha jiwe la kujengea kutoka machimbo ya karibu mara nyingi ni tufu, yaani majivu ya volkano yaliyoshikana. Liangalie vizuri utaona vipande vidogo vya mawe mengine vimezama ndani yake. Pumisi, lile jiwe jepesi lenye matundu, hutokeza kwenye kingo za barabara zilizokatwa. Obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa, iko upande wa Gilgil na Naivasha. Diatomiti, nyeupe na laini kama chaki, huchimbwa Kariandusi. Omba vipande kwa wenye mgodi.

Tatu zitoke magharibi, na njia rahisi ni mwanafunzi anayetoka huko kubeba kilo mbili anaporudi kutoka likizo. Graniti ipo tele Seme na Maseno. Waombe wanaoponda kokoto kando ya barabara, wala usiguse kitu Kit Mikayi kwenyewe, yale majabali maarufu ya Seme, kwa sababu ni mahali pa ibada. Jiwe la sabuni lichukuliwe Tabaka, kule Kisii, ambako wachongaji hutupa mabaki kila siku. Mwamba wa chokaa uko Koru, kaunti ya Kisumu, na utaona baadaye kwa nini tunausisitiza huo na si mwingine wowote.

Makatazo mawili. Mbuga ya Hell's Gate ina obsidiani nyingi, lakini kutoa jiwe mbugani hairuhusiwi. Na kipande cha obsidiani chenye ukingo uliodonolewa donolewa pande zote huenda kikawa kifaa cha watu wa kale. Maeneo ya Hyrax Hill na Kariandusi yanajulikana kwa vifaa kama hivyo, na sheria ya Kenya inavilinda. Kiache pale pale kilipo, kipige picha, basi.

Duka la marumaru nalo litakupa mabaki bure, ila jihadhari na majina yake. Kule kila jiwe gumu linalong'arishwa huitwa graniti, hata lile jeusi tititi ambalo kwa kawaida ni gabro, mwamba moto wa aina nyingine.

Kuvunja na kuweka namba

Jiwe lililokaa nje miaka mingi huvaa ganda la kahawia ambalo ni laini kuliko mwamba wenyewe. Ukilipima hivyo, lava ngumu itakwaruzwa na msumari na darasa zima litaandika jibu la uongo. Kwa hiyo kila kipande kiwe na uso mmoja mpya. Funga jiwe ndani ya gunia lililokunjwa mara mbili, liweke chini juu ya jiwe kubwa, vaa miwani ya maabara, kisha gonga na nyundo ya mwashi. Wanafunzi wasimame mita tano nyuma. Obsidiani usiivunje kabisa: vipande vyake hukata kuliko wembe na huruka mbali. Zile zenye kingo kali zizungushie selotepu nene, uache uso mmoja wazi.

Paka doa la rangi nyeupe kwenye kona ya kila jiwe, liache likauke, halafu andika namba kwa kalamu isiyofutika. Andika namba peke yake. Jina, mahali lilipotoka, tarehe na aliyelileta viingie kwenye daftari la mwalimu. Kibandiko cha karatasi chenye jina hudondoka muhula wa kwanza, na kabla hakijadondoka wanafunzi wanakuwa wamekariri kwamba "lile lenye ufa ni basalti", yaani lava nyeusi.

Kuangalia kabla ya kupima

Kipindi cha kwanza chote ni cha macho na lensi ya kukuza mara kumi. Lensi inashikwa karibu na jicho, karibu kugusa kope, kisha jiwe linaletwa kwenye lensi hadi lionekane wazi. Wengi hufanya kinyume: wanaiweka lensi juu ya jiwe na kulitazama kutoka mbali, wakaona ukungu na kusema hakuna kitu.

Kila kundi lijibu maswali manne kwa maandishi. Je, chembe zinaonekana kwa macho matupu, kwa lensi tu, au hazionekani hata kwa lensi? Zimefumana au zimeshikizwa pamoja na kitu kingine katikati? Kuna matundu? Kuna matabaka au mistari?

Graniti itajieleza yenyewe: chembe kubwa zilizofumana, nyeupe au waridi za feldispa, za kijivu zinazong'aa kama glasi za kwatzi, na vidoa vyeusi, kila aina ikiwa ni madini yake. Chembe kubwa maana yake magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipoa polepole chini ya ardhi, zikapata muda wa kukua. Obsidiani haina chembe kabisa kwa kuwa ilipoa haraka mno. Acha wanafunzi wafikie hitimisho hilo wenyewe kwa kuyapanga mawe kutoka chembe kubwa hadi zisizoonekana. Inachukua dakika kumi na haisahauliki.

Ugumu

Mtu akitumia vitabu vya nje ataambiwa akwaruze kwa kucha, sarafu ya shaba, kisu na kioo. Sarafu zetu za sasa hazifai kwa kazi hiyo kwa sababu si shaba. Tumia waya mnene wa shaba uliotolewa ganda kutoka kebo ya umeme. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, kucha ni kama 2.5, waya wa shaba kama 3, msumari wa kawaida kati ya 4 na 5, kioo cha dirisha kama 5.5, na kwatzi 7.

Kioo kilazwe mezani, kingo zake zifungwe selotepu. Asikishike mtu mkononi. Jiwe ndilo linalosukumwa juu ya kioo, mara moja, kwa nguvu, sentimita mbili. Kisha inakuja hatua ambayo darasa huiruka: lowesha kidole, futa alama, pitisha ukucha juu yake. Alama ikifutika, huo ulikuwa unga wa jiwe laini lililosagika. Ukucha ukikwama, kioo kimekwaruzwa kweli. Asipofanya hivyo, mwanafunzi ataapa kwamba diatomiti imekata kioo.

Kipimo hiki kimetengenezwa kwa ajili ya madini, na jiwe ni mkusanyiko wa madini. Kwenye graniti, elekeza ncha ya msumari kwenye chembe moja ya kwatzi, halafu kwenye kidoa cheusi, na matokeo mawili yaandikwe kando kando. Tufu nayo husumbua: msumari huing'oa chembe badala ya kuikwaruza. Andika "inamomonyoka" na uendelee.

Rangi ya unga, na sumaku

Sugua jiwe kwenye mgongo wa kigae cha bafu, upande usio na glasi. Obsidiani ni nyeusi ila unga wake ni mweupe, na hapo mwanafunzi anaelewa kwamba rangi ya nje haiaminiki. Si hilo tu. Weusi wa obsidiani huwafanya wengi waiweke pamoja na basalti, ilhali ina silika nyingi (ile ile inayounda kwatzi), karibu sawa na graniti. Sheria ya "jeusi ni basalti" ife siku hiyo hiyo.

Sumaku usiiweke juu ya jiwe. Ining'inize kwa uzi wa sentimita 30 na ulete jiwe taratibu kando yake. Lava nyeusi yenye magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, huivuta kidogo, na mvuto huo mdogo huonekana kwenye uzi tu. Mvua ikinyesha, tuma kundi likachukue mchanga mweusi kwenye mtaro wa barabara. Sumaku ikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki itazoa chembe nyeusi za chuma, na ukigeuza mfuko ndani nje, zinabaki kwenye karatasi. Ukiitia sumaku mchangani bila mfuko, utaisafisha hadi muhula uishe.

Uzito kwa ujazo

Hapa ndipo somo linageuka kuwa sayansi yenye hesabu, na ndipo makosa mengi yalipo.

Chukua mizani ya springi ya nyutoni 10 na uirekebishe ianze kwenye sifuri ikiwa imening'inia wima. Funga jiwe la gramu 400 hadi 700 kwa uzi mwembamba. Soma uzito hewani. Litumbukize lote kwenye ndoo ya maji bila kugusa chini wala ukingo, litikise kidogo mapovu yatoke, soma tena. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Mfano: hewani 6.0, majini 3.8, tofauti 2.2, 6.0 ÷ 2.2 ni kama 2.7. Hiyo ni graniti. Basalti isiyo na matundu hutoa 2.8 hadi 3.0, na obsidiani 2.3 hadi 2.4.

Sasa angalia kosa la mstari mmoja linavyoharibu. Mwanafunzi akisoma 4.0 majini badala ya 3.8, tofauti inakuwa 2.0 na jibu 3.0: graniti imegeuka basalti. Akisoma 3.6, jibu ni 2.5. Ndiyo maana jiwe dogo la gramu 50 halifai hata kidogo. Uzito wake wote ni nusu nyutoni, na mizani haiwezi kuona tofauti yoyote ya maana. Kila kundi lipime mara tatu, msomaji akibadilishwa, jicho likiwa usawa wa alama.

Diatomiti na tufu hunywa maji, hivyo usomaji wa majini hupanda taratibu huku ukitazama. Soma ndani ya sekunde kumi, uandike kwamba ni makadirio. Pumisi haizami, basi usihangaike na mizani: kadiria sehemu iliyo chini ya maji. Robo tatu ikizama, ujazo wake una uzito wa robo tatu ya ule wa maji. Iache ndoo hadi wiki ijayo. Pumisi nyingine zitakuwa zimezama, maji yamejaza matundu, na hilo ni swali zuri la mtihani.

Asidi

Asidi ya hidrokloriki ya moli moja kwa lita, tone moja, kwenye uso mpya. Miwani ivaliwe, maji yawe karibu. Anza na ganda la yai, ambalo lina chokaa, ili kila mtu aone povu la kweli linavyoonekana. Chaki ya darasani usiitumie kama mfano, maana nyingi zimetengenezwa kwa jasi na hazitoi povu.

Kabla ya tone la asidi, weka tone la maji ya kawaida mahali pengine kwenye jiwe hilo hilo. Sababu ni diatomiti: matundu yake madogo hunyonya maji na kutoa hewa, na mapovu hayo hudanganya. Mapovu yakitoka kwa maji na kwa asidi vile vile, hiyo ni hewa. Diatomiti ni silika, mabaki ya mimea midogo mno iliyoishi kwenye ziwa la kale. Haina chokaa, ingawa kwa macho huitofautishi na chokaa.

Shule isiyo na asidi itumie siki ya jikoni, lakini jiwe likwaruzwe kwanza lipate unga, na povu litazamwe kwa lensi kwa dakika moja nzima.

Halafu jiwe la Koru. Litachemka povu vizuri, na darasa litajibu kwa sauti moja: mwamba tabaka, uliotokana na makombe ya baharini. Sivyo. Mwamba wa chokaa wa Koru ni kabonatiti, yaani mwamba moto wenye kaboneti (madini ya chokaa) kwa wingi, uliotokana na volkano za kale za eneo la Tinderet. Asidi inathibitisha kwamba kuna kaboneti ndani ya jiwe. Haisemi ilifikaje humo. Kwa hilo unahitaji kujua jiwe lilitoka mahali gani na limezungukwa na nini, ndiyo sababu safu ya "mahali" kwenye daftari si urembo.

Baada ya hapo toa majina. Kundi linaloandika "hatujui, ama tufu ama diatomiti, kwa sababu hizi" lipate alama zaidi ya lile lililopatia kwa kubahatisha.

Sanduku la Bonde la Ufa

Wanafunzi huchora ufa wa kitabu vizuri sana bila kuelewa kwa nini sehemu ya kati inazama. Sanduku la mchanga linamaliza ubishi.

Tafuta kreti au sanduku lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30. Toboa mwanya mwembamba chini ya ukuta mmoja. Pitisha karatasi ngumu ya plastiki, mfano filamu ya zamani ya eksirei, ifunike nusu ya sakafu. Ukingo wake ukae katikati, mkia wake utokeze nje kupitia mwanya. Anika mchanga laini juu ya mabati hadi ukauke kabisa, uchuje kwa chekecheo la unga. Mwaga sentimita moja, sawazisha kwa rula, nyunyiza unga wa makaa kidogo tu uwe mstari, kisha rudia hadi kina kifike sentimita tano.

Vuta plastiki polepole, milimita kwa milimita, hadi sentimita moja. Juu ya ule ukingo wa katikati utaona mtaro ukizama, upana wake kama sentimita tano au sita, kuta zake zikilala kwa nyuzi karibu 60. Lowesha kwa chupa ya kunyunyizia, ngoja dakika tano, kata kwa rula: mistari ya makaa imeshuka katikati na imekatika pande zote mbili. Upande mmoja ndio Mau, mwingine ndio Bahati, na mji wa Nakuru umo mtaroni.

Mtaro usipotokea, mchanga una unyevu. Hupasuka wima kama matope badala ya kuteleza. Ukivuta kwa pupa, kila kitu kinaporomoka pamoja. Ukiweka makaa mengi, yanakuwa tabaka laini na ufa unapotea humo.

Swali la ule ufa wa Machi 2018 karibu na Mai Mahiu litaulizwa, litarajie. Bonde linapanuka kweli, kwa milimita chache kwa mwaka. Bali mitaro ile inayofunguka ghafla baada ya mvua kubwa huchimbwa na maji yanayosomba majivu laini ya volkano chini ya ardhi, mpaka paa la juu lidondoke. Kama darasa linataka mfano wa ufa wenyewe kusogea, ni tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa karibu 6.9.

Udongo, kwa kifupi

Jaza theluthi ya chupa angavu kwa udongo uliopondwa, ongeza maji na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya unga, tikisa dakika tano. Mchanga ulioshuka weka alama baada ya dakika moja, tope laini baada ya saa mbili, mfinyanzi baada ya siku moja au mbili. Kwa udongo wa Nakuru, chembe zinazoelea mara nyingi ni pumisi. Wanafunzi huziita mboji. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, Kisumu, lazima ulowekwe usiku kucha kwanza, la sivyo madonge yake hushuka haraka na kuhesabiwa kama mchanga. Pia hufura ndani ya maji, kwa hiyo kimo cha mfinyanzi kitaonekana kikubwa kuliko ukweli.

Siku ya Menengai

Ni msitu wa serikali, kwa hiyo ruhusa ipatikane kwa Shirika la Misitu, KFS, kabla ya basi kukodiwa. Fikeni mapema, adhuhuri joto hutikisa hewa na upande wa pili hauonekani vizuri. Ukingo umelegea mahali pengi, basi weka mstari wa kamba mita tatu kutoka genge, na mwalimu mmoja abaki hapo tu.

Kibao kitasema kreta, yaani mdomo wa volkano. Mbele yenu kuna kaldera yenye urefu wa karibu kilomita 12 na upana wa 8: mlima ulimwaga magma iliyokuwa chini yake, ukakosa cha kuushikilia, ukabomokea ndani. Sehemu ya juu ya ukingo iko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Sakafuni kuna lava zilizotiririka baadaye; zitambue kwa weusi wake na uchache wa miti. Mvuke unaouona ni ishara kwamba joto bado liko chini.

Kazi ni mbili tu, zifanywe vizuri. Kwanza, mchoro wa dakika 30 wenye mstari wa upeo, ukuta wa kaldera, lava mpya na lava ya zamani, kila kimoja kikiwa na jina na mshale. Mchoro usio na mwelekeo wa kaskazini na makadirio ya umbali urudishwe ukamilishwe pale pale, maana nyumbani utabuniwa. Pili, kila kundi lipime jiwe moja lililolegea kwa msumari, lensi na sumaku, lilinganishe na namba za darasani, kisha lirudishe lilipotoka.

Dira isisomwe ikiwa imewekwa juu ya mwamba. Lava yenye magnetiti huivuta sindano, na makundi mawili yaliyoachana kwa hatua kumi yatapata kaskazini mbili. Simama, ishike usawa wa kifua, soma, sogea mita mbili, soma tena. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi tano, hamia mahali pengine.